Kifusi cha Shukrani

Ndugu zangu, leo naomba twende pamoja mpaka kwenye kinamasi. Msiogope matope. Tutakwenda kwa maneno tu, na viatu vyenu vya Jumapili vitarudi safi.

Palikuwa na mji mmoja mdogo uliojengwa bondeni, na katikati yake palikuwa na kinamasi kikubwa chenye mafunjo na matete. Maji ya mvua yalishuka kutoka mtaa wa juu, yakaingia humo yakapumzika, kisha yakatoka taratibu kwenda mtaa wa chini yakiwa yamechujika. Lakini watu wa mji hawakuyaona hayo. Wao waliona mahali pa kutupa taka, basi.

Ndipo wakatokea watu wachache wakajitolea kukitunza. Hawakuwa na sare wala ofisi. Kila Jumamosi asubuhi walikwenda na mapanga na magunia, wakaokota chupa, wakafyeka vijia vya kupita watu. Palipokuwa na maji walitandika mbao juu ya magogo, ili watu wapite juu na maji yapite chini. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja, fundi cherehani. Kazi hiyo aliipenda. Akishona nguo mchana, masikio yake yalikuwa kule, kwa ndege na vyura.

Siku moja bibi mmoja mzee sana, ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoroka, alitoka nyumbani akapotea. Mwanawe alikuwa tajiri wa mji ule, mwenye duka la saruji na mabati, na malori yake mwenyewe. Alizunguka na gari kila mtaa akiuliza, hakumpata. Waliompata ni wale wa kujitolea, maana wao walivijua vijia vyote vya kinamasini. Walimkuta ameketi juu ya mbao, miguu yake imo majini, anawaimbia vyura wimbo wa kubembeleza mtoto. Fundi cherehani akamfunika kanga, mwenzake mmoja, fundi baiskeli, akambeba mgongoni, wakampeleka mpaka kwa mwanawe.

Kesho yake tajiri aliwafuata, macho mekundu kwa kulia.

"Niambieni mnahitaji nini," alisema. "Chochote."

"Hatuhitaji kitu, bosi," wakamjibu. "Tunamshukuru Mungu tu."

Hebu niwaulize. Ilikuwa kweli kwamba hawahitaji kitu? Hata kidogo! Upande wa kilimani kijia kilikuwa kimeliwa na mvua, watoto wa shule wanateleza kila siku. Wangesema, "Bosi, pale kilimani panatushinda," yangekwisha. Lakini sisi tumelelewaje? Ukikaribishwa kwa watu, ukaulizwa kama umeshiba, unasema nimeshiba, huku tumbo linanguruma mpaka mwenye nyumba analisikia.

Basi tajiri, kwa kuwa hakuambiwa, akafikiri mwenyewe. Akakumbuka mbao zile alizokutwa juu yake mama yake, zilivyokuwa na utelezi na unyevu. Akasema moyoni, watu wema kama wale hawastahili kutembea juu ya mbao mbovu. Akaleta malori. Yakamwaga kifusi na mawe kukata kinamasi upande hata upande, yakashindilia, pakawa barabara pana, imara, kavu. Kisha akawaita wote siku ya ufunguzi. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na mpiga picha.

Fundi cherehani alisimama pale, akatazama. Mara moja akaelewa. Maji yalikuwa yakipita chini ya mbao. Sasa yatapita wapi?

Akamnong'oneza fundi baiskeli, "Kaka, hii si njia. Huu ni ukuta."

"Nimeona."

"Masika yakija, mtaa wa juu wote utaoga ndani ya nyumba."

"Nimeona, dada. Lakini tazama uso wa yule mtu. Utamwambia wewe?"

Akamtazama. Tajiri alikuwa anacheka kama mtoto aliyemletea mama yake maua yaliyong'olewa na mizizi yake kwenye bustani ya mama huyo huyo. Nimefundisha watoto miaka mingi, ndugu zangu, nayajua maua ya namna hiyo. Fundi cherehani akafungua kinywa, na kilichotoka ni vigelegele. Wenzake wakapiga makofi.

Siku zikapita. Upande wa chini mafunjo yakageuka manjano. Upande wa juu maji yakatuama, yakaanza kunuka, na mvua ndogo tu ya kupita iliyafikisha kwenye ua wa familia moja yenye watoto wachanga mapacha. Yule mama wa mapacha akaja kwa fundi cherehani na kumwambia, "Shangazi, kitanda nimekiinua kwa matofali. Masika nitakiinua kwa nini?"

Fundi cherehani hakulala vizuri tena. Kama asiposema, nyumba za watu zitaingia maji. Kama akisema, atamvunja moyo mtu aliyetoa kwa upendo, na mji mzima utasema wale wa kinamasini hawana shukrani.

Akajikaza, akaenda dukani. Tajiri akamkaribisha kwa shangwe, akamfungulia soda. Ukutani, juu ya mifuko ya saruji, ilitundikwa picha kubwa ya siku ya ufunguzi, na katikati ya picha ni fundi cherehani mwenyewe, mdomo wazi, anapiga vigelegele. Akameza soda, na maneno yake akayameza pamoja nayo.

Fundi baiskeli alikuwa anamsubiri nje. "Umemwambia?"

"Nimemshukuru tena."

"Eh! Na ukirudi mara ya pili atatuongezea lori. Dada yangu, nenda ukaseme kabla hatujashukuru mpaka mji ukazama."

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Asubuhi iliyofuata wingu zito lilikuwa limekaa juu ya mlima. Fundi cherehani akajifunga kanga akarudi dukani, na safari hii hakuketi.

"Mwanangu," alisema, "sitaki soda. Nimekuja kukuumiza, na nisipokuumiza leo nitakuwa nimekudanganya maisha yangu yote. Barabara uliyotupa imeziba maji. Watu wa mtaa wa juu watafurikiwa."

Mama yake mzee alikuwa ameketi kando akichambua mchele, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Umejua lini?" tajiri akauliza.

"Siku ile ile ya ufunguzi."

"Na ulipiga vigelegele."

"Nilipiga."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu tulikuwa tunakushukuru. Tuliogopa kukuvunja moyo."

Tajiri akaketi juu ya mfuko wa saruji, akajishika kichwa. Fundi cherehani akajua, sasa nafukuzwa. Lakini tajiri alipoinua uso, hakuwa na hasira.

"Mama," akasema, "unakumbuka uliniambia nini mlipomleta huyu bibi yetu?"

"Sikumbuki, mwanangu. Nilikuwa nimechoka."

"Mimi sijasahau. Uliniambia hapo mlangoni, mbele ya wafanyakazi wangu: 'Mama yako ametoka tangu asubuhi, na nyumbani kwako hakuna aliyejua mpaka alasiri. Mwanangu, mama huyu yupo peke yake ndani ya nyumba iliyojaa watu.' Hapa dukani kila mtu ananiambia 'sawa bosi.' Ninapokosea, 'sawa bosi.' Wewe uliniambia kweli, ikaniuma usiku kucha. Toka siku ile mama yangu anakaa na mimi hapa dukani, ninamwona, ninamsikia akiimba. Mnadhani kwa kifusi kile nilikuwa ninashukuru nini? Kumbeba tu? Hata mpita njia angembeba. Nilikuwa ninashukuru lile neno."

Machozi yalimtoka fundi cherehani, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Halafu na nyinyi," tajiri akaendelea kwa upole, "mkaanza kuniambia 'sawa bosi.'"

Mchana ule ule malori yalirudi kinamasini. Tajiri alivua shati lake zuri akashika koleo pamoja na watu wa kujitolea, na fundi baiskeli akamtania, "Bosi, koleo halishikwi kama kalamu!" Naye akajibu, "Nifundishe basi, si mmeanza kusema ukweli?" Wakaufungua ule ukuta, na maji yaliyotuama yakapita kwa kishindo. Mama wa mapacha alikuwa amesimama kwenye ua wake akiwa amewabeba wote wawili, akalia kwa furaha. Kifusi hakikutupwa. Walikipeleka kule kilimani watoto walikokuwa wanateleza, na mpaka leo wanapita pale wakikimbia.

Sasa, ndugu zangu wapendwa, mnijibu kama watoto wa darasa langu, bila kuogopa kukosea. Katika hadithi hii, ni nani aliyekosa shukrani?

Mlipokuwa mnanisikiliza, mlidhani ukweli ndio utakaoonekana utovu wa shukrani. Hata mimi ningedhani hivyo. Kumbe walikosa shukrani siku ya vigelegele. Mtu alipewa neno la kweli, akalithamini kuliko saruji yake yote, akaja kushukuru, na waliompa neno lile wakamnyima la pili lililofanana nalo. Walimpa makofi, na makofi alikuwa nayo tele.

Nawashukuru sana wote wanaofyeka njia zetu na kuokota taka zetu pasipo kuombwa. Mungu awatie nguvu mikononi. Lakini leo nataka tumshukuru Mungu pia kwa watu wengine, ambao pengine hatujawahi kuwashukuru. Yuko jirani aliyekwambia kwamba mwanao haonekani shuleni. Yuko mke aliyesema, "Baba, hasira zako zinawatisha watoto." Yuko rafiki aliyekuuliza swali ulilolikimbia mwaka mzima. Siku ile ulinuna. Leo umesimama pakavu kwa ajili yake. Umekwisha kumwambia asante?

Na sisi tunaopokea zawadi za watu, tusiwape vigelegele peke yake. Mtu anayekupenda anapokosea kwa upendo, mpende kiasi cha kumwambia. Kaa karibu naye, mwite mwanangu, mwite kaka, mwite mama, kisha useme. Akikasirika, mngoje. Na akisema, "Kwa nini hukuniambia mapema?" usijitetee.

Shika koleo, mfukue pamoja.