Baba Aliyeingia Uwanjani Bila Kupasha Misuli

Kulikuwa na baba mmoja, seremala, mwenye kitambi kama baadhi yenu mliokaa huku mbele. Msiangaliane, kila mtu anajijua. Baba huyu alikuwa na binti, na binti alikuwa anaolewa baada ya wiki mbili.

Sasa, hawa wawili hawakuwa sawa. Mwaka mmoja nyuma, binti alipomleta mchumba wake nyumbani, baba alimwambia mbele ya wageni, "Ukiolewa na huyu, mimi si baba yako." Baadaye alijuta. Alijuta mno, wapendwa. Lakini kumwomba radhi mtoto uliyemzaa mwenyewe? Hajawahi hata siku moja. Basi akampigia simu.

"Mwanangu, siku ya harusi nitakushika mkono kutoka mlangoni mpaka madhabahuni. Tukiwa tunatembea, nina neno nitakuambia."

Binti akajibu, "Nitalisubiri, baba."

Ikafika Jumatatu ya Pasaka. Mnaijua desturi yetu, waliooa wanacheza mpira na makapera. Makapera walifika mapema, wakazunguka uwanja taratibu, wakanyoosha miguu, wakazungusha viuno. Na akina baba je? Walikuwa chini ya turubai wanakunywa supu ya mbuzi.

Mkewe akamfuata pale. "Baba watoto, inuka basi uzunguke hata mara moja. Mwaka wa ngapi huu hujakimbia?"

Akapuliza bakuli lake. "Mama, mimi nimeuchezea mkoa huu. Sisi wakubwa tunapasha misuli kwa supu."

Wenzake wakacheka, naye akaingia uwanjani hivyo hivyo, ametoka kukaa.

Dakika ya pili akapigiwa pasi ndefu, akaichomokea kama enzi zake. Akasikia kitu kimekatika nyuma ya kisigino. Akadhani amepigwa teke, akageuka amlaumu mtu, wala hapakuwa na mtu. Daktari alimwambia mshipa mkubwa wa kisigino umekatika. Akafungwa plasta mpaka gotini.

Siku ya harusi, mjomba ndiye aliyemshika binti mkono. Baba alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, karibu na madhabahu. Binti alipofika, akauachia mkono wa mjomba, akainama mbele ya baba yake.

"Baba, nimekuja. Lile neno."

Kwaya inaimba, kamera zinamulika, watu mia tatu wanatazama. Midomo ya yule baba ikahangaika, ikahangaika. Kisha akasema, "Umependeza, mwanangu." Ikawa basi.

Mguu ulipona. Binti alihama pamoja na mumewe, wakaenda kuishi mbali. Hupiga simu kila Jumapili kuuliza hali ya mguu, naye humjibu kuhusu mguu. Neno lile hajalisema mpaka leo.

Mtasema kosa ni ile supu. Nami nilidhani hivyo. Lakini hebu tuulizane: mguu ungekuwa mzima, angeweza kusema? Mtu ambaye hajawahi kusema "nisamehe" kwa mkewe, wala kwa jirani, wala kwa kijana anayempigia randa kule karakana, angeanzia wapi siku ile? Mguu uliokaa miaka ishirini bila mbio hauamki kwa dakika mbili. Ulimi wetu je?

Sisi ndivyo tulivyo. Radhi kubwa tunaiwekea siku kubwa: harusi, kitanda cha mgonjwa, mara nyingine msiba. Ndogo za kila siku tunazipita. Umemfokea mkeo asubuhi kwa sababu ya chai, umepita. Halafu siku ile ikifika, tunategemea moyo uchomoke tu wenyewe.

Na mimi nina langu la kuungama. Ndoa ile niliifungisha mimi. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye kile kiti, nikaona midomo ya yule mzee inavyohangaika. Ningeweza kuinyamazisha kwaya. Nikatazama saa, nikasema, "Bibi harusi asogee, tuendelee."

Miaka minne nimekaa nalo. Wiki hii nimempigia simu yule baba nimwombe radhi. Mimi, ninayewahubiria msamaha kila Jumapili. Sauti ilinikwama mara tatu kabla sijamaliza sentensi moja.