Mazoezi ya Kifalme

Mwaka ule mvua iligoma na bwawa la bondeni likawa linaishia tope. Maji mengine yalikuwa kwenye chemchemi juu ya kilima kikali. Kila mnyama alijua: bwawa likikauka, atakayeshindwa kupanda atakufa kwa kiu.

Simba alikitazama kilima, akakitazama kitambi chake. Miaka yote wake zake ndio waliowinda. Yeye alikula na kunguruma.

"Mtukufu, tuanze leo," alisema Sungura. "Asubuhi tutembee kwa kasi, upate pumzi. Jioni tusukume mawe, miguu ipate nguvu. Tujinyooshe pia, viungo vilainike. Na nyama upunguze, usiache."

"Niheme mbele ya raia? Mfalme hatoki jasho!"

Fisi, ambaye tumbo lake halijawahi kusema basi, akajipenyeza.

"Sungura hana adabu! Mazoezi ya kifalme ni ya shingo tu, Mtukufu. Kulia, kushoto, ukiwa umelala. Mafuta yanayeyuka yenyewe. Ila nyama ndiyo adui. Nipe mimi niilinde."

"Utailinda wapi?" aliuliza Sungura.

"Mahali salama, kidudu wewe!"

Basi Simba akageuza shingo kivulini, Fisi akailinda nyama hadi mfupa wa mwisho. Kitambi kiliisha, kweli. Mapaja nayo yakaisha.

"Umekuwa kama mshale, Mtukufu!" alishangilia Fisi. Mshale wenyewe ulitetemeka ukisimama.

Sungura na Swala walipanda nusu ya kilima kila asubuhi, wakichekwa.

Bwawa likakauka. Wanyama wakapanda. Simba alipiga hatua chache, akaanguka. Kando yake Fisi alikuwa ameketi, anahema, tumbo limegusa ardhi.

"Mwalimu, mbona hupandi?"

"Na... nakusubiri wewe, Mtukufu."

"Umenenepa, mwalimu."

"Ni manyoya tu haya."

Simba alilitazama tumbo lililobeba milo yake yote. "Haya, nifundishe kukimbia."

Fisi akatimka, akafika kichaka cha kwanza, pumzi ikamwishia. Somo likaishia hapo.

Simba alijikokota hadi pale, akamla, akapumzika, kisha akaanza kupanda, ulimi nje.

"Pole na safari, Mtukufu!" Sungura alimwita kutoka juu.

"Nyamaza, uniambie nikanyage wapi."

Anayekuuzia wembamba ukiwa umelala, litazame kwanza tumbo lake.