Ng'ombe wa Bi Mashavu na Mto Uliopotea

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune taratibu, kwa sababu kisa hiki kikiisha nitawauliza neno, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Walikuwapo watu watatu kwenye mto mmoja uitwao Mkale. Nakijwa aliishi milimani, mto unakoanzia, na kipawa chake kilikuwa masikio: akilala kifudifudi, husikia maji yalipo chini ya ardhi. Semboja aliishi katikati, nyikani, na kipawa chake kilikuwa ukaidi. Akishika jembe, jua huchoka kabla yake. Kombo aliishi chini, mto unapoingia baharini, naye alijaliwa ulimi. Angeweza kukuomba shati ulilovaa, ukavua, ukamshukuru.

Jirani wa Kombo alikuwa Bi Mashavu, mjane mwenye majaruba ya mpunga na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyempenda kama mwanawe. Mwaka mmoja mto ukakauka. Bahari ikapanda kwenye mkondo mtupu, mpunga ukaungua kwa chumvi, visima vikaharibika, na chai ya Bi Mashavu ikawa ya kunywewa na samaki. Akamwita mchuuzi wa dagaa aliyekuwa akienda milimani. "Waambie wa huko juu mto wetu umepotea," akamwambia. "Watuletee."

Mchuuzi akafikisha ujumbe kama alivyopewa. Akarudi na mto wa sufi, mpya, umetariziwa maua, na salamu za Nakijwa: "Pole, dada. Lala salama."

Bi Mashavu akakasirika, ingawa usiku aliulalia. Akatuma tena: "Nataka mto wa maji." Ukaja mwingine, umeloweshwa chapachapa na umeota ukungu njiani. "Nakijwa anasema hajaelewa," mchuuzi akaeleza, "lakini hapendi kubishana na mtu asiyepata usingizi."

Ndipo Bi Mashavu akaweka nadhiri mbele ya watu, na mchuuzi akaitangaza njia nzima: "Atakayenirudishia mto, ule wenye samaki, ng'ombe wangu ni wake."

Nakijwa aliposikia samaki, akaacha kucheka. Akaenda kulala kifudifudi kwenye chemchemi, akasikia maji yamezama mbali. Watu walikuwa wamekata mikuyu yote pale wakapanda maharage. Akayang'oa, yakiwamo ya mama mkwe wake, akapanda mikuyu upya na kuilinda. Miche ikakua, mvua ikapata pa kutulia, chemchemi ikatoka. Mama mkwe hajasema naye mpaka leo.

Maji yakashuka hadi nyikani, yakakwama. Mifugo ilikuwa imebomoa kingo, mkondo umejaa udongo, na maji yalitapakaa yakakaushwa na jua. Semboja akazoa tope, akaotesha matete kingoni, akachagua mahali pamoja pa kunyweshea. Wafugaji walipokataa, akalala katikati ya njia. Ng'ombe wakamruka mmoja mmoja, mpaka wenye ng'ombe wakaona haya.

Maji yakafika chini, yakageuka chumvi. Mikoko ilikuwa imekatwa kwa boriti na kuni, na bahari ikiingia itakavyo. Kombo akawaendea wakata mikoko, akaongea nao tangu maji kujaa mpaka kupwa. Wakaweka mashoka chini, wakapanda mikoko wenyewe, tena wakamletea kaa. Mizizi ikashika tope, bahari ikakaa kwake.

Mpunga ukazaa. Bi Mashavu akawaalika wote watatu, wakala wali mpya, kisha akamtoa ng'ombe.

"Kuna mto usio na chemchemi?" Nakijwa akauliza, akinyoosha mkono.

"Maji yako, dada, yaliniishia miguuni," Semboja akajibu.

"Na yaliyotoka kwako, ndugu yangu, yalikuwa mchuzi uliozidi chumvi," Kombo akasema kwa upole.

"Basi nimchinje mgawane?"

"Nadhiri haikutaja nyama, mama," Semboja akasema, mdomo umejaa wali.

"Tena ulisema atakayenirudishia, Bi Mashavu," Kombo akaongeza. "Hukusema watakao."

Hapo Bi Mashavu akaogopa kweli. Nakijwa akiondoka amenuna, nani atailinda mikuyu? Semboja akisusa, kingo zitabomoka. Kombo akikasirika, ulimi ule ule utawarudisha wenye mashoka. Akimpa mmoja, huenda akawapoteza wawili, na mto hauwezi kukosa hata mmoja. Asipompa yeyote, amevunja nadhiri. Na wageni hawaondoki. Kila siku wanapakuliwa wali wakingoja uamuzi, na ghala linazidi kupungua.

Basi, Bi Mashavu amesimama uani, kamba ya ng'ombe mkononi, na mbele yake kuna mikono mitatu. Je, ungekuwa wewe, kamba hiyo ungemkabidhi nani?