Gari Lililojua Kupanda

Huko Upare, katika kijiji cha Mvureni kilichokaa chini ya mlima, aliishi mtu aliyekuwa na gari kuukuu na mke mwenye mimba. Jina lake lilikuwa Yonazi Mrindoko. Sokoni walimfupisha wakamwita Yona, lakini alibatizwa Yonazi, na Yonazi ndilo jina lake. Mkewe aliitwa Nakijwa. Gari lilikuwa pikapu aina ya Pijo, ambalo baba yake alilinunua likiwa tayari limetumika, akamwachia alipofariki. Kijiji kizima hakikuwa na gari lingine.

Kati ya Mvureni na kilele cha mlima palikuwa na mwinuko mmoja mkali. Kibao cha barabara kiliandikwa Mambwe, lakini jina lake ni Mbambwe. Juu ya Mbambwe ndiko ilikokuwa hospitali, na huko huko juu ndiko watu walikolima tangawizi. Kwa hiyo mgonjwa alipanda Mbambwe, na tangawizi iliteremka Mbambwe kwenda gulioni. Hakukuwa na njia nyingine ya gari.

Injini ya Pijo ilikuwa imezeeka. Ikifika Mbambwe ilianza kukohoa kama mzee aliyeamshwa, kisha ikasimama. Ndipo Yonazi alipopiga honi. Wapare wana desturi yao iitwayo msaragambo: pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu, na kazi ya mmoja huwa ya wote. Kwa watu wa Mvureni honi ile ilikuwa pembe. Waliacha majembe, wakaja na udongo mikononi, wakauliza kwanza ni nani aliyemo, wakampa pole, kisha wakasukuma. Nyuma ya gari alitembea Togolani, mdogo wake Yonazi wa tumbo moja, amebeba kabari ya mti mgumu. Gari likichoka aliiweka kabari nyuma ya tairi, lisirudi chini. Watu wakavuta pumzi, wakasukuma tena. Ndivyo walivyopanda, na hakuna aliyewahi kuugua Mvureni pasipo kijiji kizima kujua uzito wake.

Waliposhuka, walishuka na magunia machache tu. Aliyeona gari likishindwa kupanda hakuthubutu kulipakia mengi likishuka. Yonazi alitia gia ya kwanza, na Pijo likateremka taratibu kama mwanamke mwenye mtungi uliojaa kichwani.

Masika ya mwaka ule Nakijwa alishikwa na uchungu kabla ya siku zake kutimia. Ilikuwa asubuhi, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Walimlaza nyuma, chini ya turubai, na mkunga mmoja akakaa amempakata kichwa. Yonazi alianza kupiga honi akiwa bado mbali na Mbambwe. Watu walikuja, wengi kuliko siku yoyote. Lakini udongo mwekundu ulikuwa umegeuka utelezi. Walisogea kidogo, wakarudi kidogo, na Togolani akapiga magoti katika tope akiishikilia kabari kwa mikono yote miwili. Ili wapate nguvu, watu waliimba.

Nakijwa alifariki karibu na kona ya mwisho, na mtoto wake naye hakuiona dunia. Mkunga hakupaza sauti. Alimfunika uso kwa kanga, akageuka, akamtazama Yonazi kupitia kioo cha nyuma, na Yonazi akaelewa. Lakini wale waliokuwa wakisukuma hawakujua. Waliendelea kusukuma na kuimba mpaka juu.

Yonazi aliomboleza kadiri desturi inavyotaka, kisha akaendelea kuomboleza baada ya desturi kwisha. Hakumlaumu Mungu, wala waganga, wala mvua. Alikaa barazani akilitazama Pijo lililoegeshwa uani, na wakati mwingine aliacha chakula kikapoa mbele yake.

“Lingekuwa na nguvu,” alimwambia mdogo wake, “angefika.”

Togolani hakubisha, kwa maana ilikuwa kweli.

Baada ya mavuno Yonazi aliuza ng'ombe, akalipeleka gari mjini kwa fundi aliyeitwa Hemedi Kajiru. Hemedi alikuwa na injini ya dizeli iliyotolewa katika lori lililogongana huko bondeni. Lori lilikuwa limekwisha, lakini injini ilikuwa nzima, na ilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyowekewa. Ilibidi wakate chuma cha mbele, wachomelee vishikizo vipya, na kulisogeza rejeta mahali pasipokuwa pake. Boneti haikukubali kufunga tena, ikafungwa kwa waya. Mengine yote hayakuguswa: mifupa ya gari ilikuwa ileile, na breki zilikuwa zilezile. Yonazi alipowasha, ardhi ya gereji ilitetemeka chini ya miguu yake, naye kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu.

Habari zilimtangulia. Alipofika Mvureni alikuta watu wamejipanga barabarani chini ya Mbambwe, nao hawakuja kusukuma, walikuja kutazama. Mama mmoja mcheshi, Nangasu, mchuuzi wa tangawizi, alilizunguka gari huku ameshika kiuno.

“Yonazi, bibi kizee umempa moyo wa fahali! Angalia asije akakutoroka!”

Watu wakaangua kicheko.

“Na wewe Togolani,” akaendelea, “kazi ya kabari imekwisha. Sasa utakula nini?”

“Nitakula usingizi, mama,” Togolani akajibu, nao wakacheka zaidi.

Lakini Togolani mwenyewe alikuwa amekwenda mbele ya gari, ameinama, akitazama jinsi pua yake ilivyoinamia chini kwa uzito. Akainuka, akamfuata nduguye dirishani.

“Kaka, na kushuka je?”

Yonazi alikuwa ameshika usukani, macho yake yako juu, kwenye kona ya mwisho.

“Kushuka, mdogo wangu? Kushuka hata jiwe linashuka.”

Neno lile liliwafurahisha watu, wakalirudia. Ndivyo walivyo watu wa milimani. Gari husifiwa kwa kupanda. Likipanda bila kusimama hupewa jina, na mwenyewe hupewa pombe. Mvureni hapakuwa na sifa ya kushuka. Hakuna mtu aliyewahi kushangiliwa kwa kufika chini.

Basi Yonazi akakanyaga mafuta. Pijo likapanda Mbambwe kwa pumzi moja, likapita kona ya mwisho, likatokea juu kabla vigelegele havijaisha. Watu walibaki kando ya barabara, mikono yao mitupu, wamefurahi, na hawakujua wafanye nini nayo. Juu, mbele ya lango la hospitali, Yonazi alizima injini, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, akalia. Kisha akarudi nyumbani, akamwambia Togolani aiweke kabari jikoni kwa mama yao, iwe kigoda chake.

Nasi tusimnyime haki yake. Injini ile iliokoa watu. Wanawake waliokuwa na uchungu walifika wakajifungua kitandani, watoto wenye homa walifika wakiwa bado wanalia, na Yonazi hakumtoza mgonjwa yeyote. Kila alipomfikisha mtu juu alitulia kidogo langoni, kama mtu anayempelekea salamu mwingine aliyechelewa. Alipata usingizi, akaanza tena kula.

Ila watu hawakuitwa tena. Gari lilipita likinguruma, nao wakainua vichwa mashambani, wakaulizana, “Leo kapita na nani?” na mara nyingi hakuna aliyejua.

Na wakulima wa juu, walipoona nguvu zile, walileta magunia. Zamani walilionea Pijo huruma. Sasa hakukuwa na cha kuhurumia. Walipakia mpaka springi zikalala, juu ya magunia wakakaa wachuuzi, na Yonazi hakukataa. Aliusikiliza ule mngurumo, naye akaona kuwa kitu chenye sauti kama ile hakiwezi kulemewa. Togolani aliendelea kupanda nyuma, mahali pake pa siku zote, ingawa hakuwa tena na kazi. Mara kwa mara walipofika chini aligusa tairi kwa kiganja, akaondoa mkono haraka kwa ule moto. Siku moja alimwambia kaka yake kwamba magurudumu yananuka. Yonazi akamwambia kwamba gari linalofanya kazi hunuka jasho, kama mtu.

Siku ya gulio, kiangazi kilipokolea, walishuka wamejaza. Juu ya magunia walikaa Nangasu na wachuuzi wenzake, na nyuma kabisa Togolani, miguu yake ikining'inia. Kona ya kwanza Yonazi alikanyaga breki, nayo ikamjibu. Akakanyaga tena, ikamjibu kwa unyonge. Alipokanyaga mara nyingine mguu wake ulizama mpaka chini, pasipo kukutana na kitu. Alitafuta gia ndogo. Gia ikasaga meno, isiingie. Akalibana gari kwenye ukingo wa mlima likakwaruza udongo, likapunguza mwendo kidogo, lakini halikusimama. Akapiga honi, na hakujua anamwita nani.

Togolani alielewa kabla ya wote, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa nyuma ya gari lile. Akaruka.

“Ametukimbia!” wale akina mama wakapiga yowe.

Hakukimbia. Mahali pale barabara huzunguka mbali, na wenye miguu hukata katikati kwa njia ya mkato iendayo chini moja kwa moja. Togolani alishuka njia ile kwa kuserereka na kuanguka, akatokea barabarani upande wa chini kabla gari halijamaliza kuzunguka. Mikono yake ilikuwa mitupu. Akaanza kuviringisha mawe ya ukingoni, akiyapanga mbele ya njia ya magurudumu, moja, na jingine, na jingine. Yonazi alipotoka kwenye kona alimwona mdogo wake ameinama, na hakuweza kumfanyia lolote ila kumwita jina.

Gari lilipanda juu ya mawe, likageuka, likajibamiza kwenye ukingo, likasimama. Akina mama walirushwa majanini, wakaumia, wakaishi. Yonazi alivunjika mbavu, akaishi. Togolani alikuwa kati ya gari na ukingo.

Watu waliokuja mbio kutoka mashambani walikuta kimya pale Mbambwe, ila kwa sauti moja. Boneti ilikuwa imekata waya wake na kufunguka, na chini yake injini ilikuwa ikinguruma, nzima, haina hata ufa. Yonazi alikuwa amekaa chini, kichwa cha mdogo wake kiko mapajani mwake, wala hakuisikia. Nangasu, damu ikimtiririka usoni, alimwinamia.

“Yonazi, baba, izime. Tunataka kulia.”

Wakati wa maziko kila mtu alikuwa na neno. Mmoja aliulaumu mzigo, mwingine barabara. Fundi Hemedi Kajiru alikuja kutoka mjini, akasimama mbali, akasema kwa unyonge kwamba angeulizwa juu ya breki angesema. Mzee mmoja alisema gari lile lilikuwa na mkosi tangu zamani, lichomwe moto. Mama yake Togolani alikaa kando ya kaburi. Alikuwa amezika mkwe na mjukuu katika ua ule, na sasa alikuwa akizika mwana.

Yonazi alipopewa udongo autupe kaburini, aliushika mkononi. Kisha akasema, bila kumtazama mtu:

“Injini haikukosa. Mlima una pande mbili, na mimi nilitengeneza ule ulioniulia mke. Huu mwingine sikuutazama, kwa kuwa ulikuwa haujaniulia mtu.”

Akautupa udongo, na wenye majembe wakafukia.

Basi kila mmoja wetu, kabla hajalala leo, ajiulize: ni upande gani wa maisha yake ambao haujawahi kumliza, naye kwa sababu hiyo hajautazama?