Laptopu Tatu na Mdomo wa Kiboko

Mmeniacha nichambue mchicha wangu? Hamjaniacha. Tangu asubuhi mnabishana laptopu ipi ya bei nafuu mwende nayo shule; hii nyepesi, ile ina kioo kikubwa, mara "Bibi, amua wewe." Niamue nini? Mimi shule nilifika mlangoni nikarudishwa kulea mdogo wangu. Sasa mnataka na ngano juu yake, kama vile ulimi wangu unakodishwa. Haya. Zuwena, toa mguu kwenye ungo. Mbwana, funga kinywa, inzi watahamia. Nikiita, muitike, la sivyo narudi kwenye mchicha.

Nateleka chungu!

— Tunaleta kuni!

Kikichemka?

— Tupakulie!

Na chenye mifupa?

— Tutatafuna!

Hapo kale, si kale sana, wanyama wa bondeni walikuwa na shule. Shule ya bati, sola moja juu ya paa, na mwalimu mmoja, Bi Kanga. Mwaka ule ikaja habari kwamba watoto wa darasa la mwisho watafanya mtihani kwenye laptopu. Asiyejua kuibonyeza, akachunge. Wazazi wakahangaika. Wakarina asali, wakarina, wakarina, wakajaza pipa. Pipa lenyewe lilitosha laptopu moja tu, watoto wapokezane.

Kunguru mchuuzi akaleta tatu za kuangalia. Moja nyembamba, inang'aa kama kisogo cha bwana harusi. Moja ya kijivu, haina baya haina jema, kama mume wa jirani. Moja nyeusi, nene, sura kama sufuria ya msibani.

"Kaa! Kaa! Linganisheni," akasema Kunguru. "Soko lijalo narudi. Mtachukua moja, mtanipa asali. Ila kitakachovunjika kimenunuliwa."

Wakamkabidhi nani? Mwenyekiti wa kamati ya shule. Na mwenyekiti nani? Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu ya tumbo. Mtu akiwa na tumbo, watu hudhani kuna kitu cha maana humo ndani.

Kiboko akazibeba mpaka kwenye tope lake, akaziwasha zote tatu kwa pamoja, akaziacha wazi, akawa anajitazama humo. Huku anaona pua, huku anaona shavu, huku anaona sikio. Bi Kanga akaja. "Mwenyekiti, tupe tuzijaribu."

"Bado nalinganisha."

Kesho yake akaja. "Mwenyekiti, tupe tuzijaribu."

"Bado nalinganisha."

Keshokutwa akaja. "Bado nalinganisha, mama! Kwani mnakimbilia wapi?"

Halinganishi chochote. Anazitaka zote tatu. Na nani atamnyang'anya Kiboko? Mpaka ikawa kesho ndiyo siku ya soko.

Basi Bi Kanga akaenda kwa Sange. Sange mnamjua? Yule mdogo wa msituni, kama panya lakini si panya. Siku zile pua yake ilikuwa fupi, kama ya Mbwana hapa. Alikuwa na binti darasa la mwisho, na alikuwa na maneno. Maneno kuliko nyama ya mwili wake.

"Niachie mimi," akasema Sange. "Wewe leta kamba na watoto, mjifiche kwenye matete."

Akaenda mtoni, tii tii tii, kwa vimiguu vyake.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti!"

"Marahaba, chawa wewe. Umefuata nini?"

"Nimekuja kukupa pole. Nasikia hujazisajili."

"Kusajili nini?"

"Mdomo, mzee! Mashine hizi hufunguka kwa sura ya mwenyewe. Na sura ya mkubwa ni mdomo. Ukishausajili, haifunguki tena kwa mtu mwingine."

"Hata kwa mwalimu?"

"Hata kwa mwalimu."

"Hata kwa Kunguru mwenye mali?"

"Atapiga kelele mpaka anyonyoke."

Kiboko akameza mate, gu! "Nifanyeje?"

"Fumbua mdomo mbele yake. Usifumbe mpaka iseme tiii. Tunaanza na moja, zile mbili zikae nyuma yako. Zikiona mwenzao anatangulia zitanuna."

Kiboko mchoyo, lakini si mjinga kabisa. "Hiyo moja niione inawaka," akasema.

Sange akaibonyeza inayong'aa. Kimya. Akaibonyeza ya kijivu. Kimya. Akaibonyeza nyeusi. Paa! Mwanga.

"Bahati yangu hiyo," Sange akajisemea. "Na nzuri nimebaki nazo." Akaiweka nyeusi mbele ya Kiboko.

Kiboko akafumbua. Aaaaa!

"I-e-e-a?" Yaani, imesema?

"Bado, mzee. Imeona meno ya chini tu. Panua."

Aaaaaaa! "I-e-e-a?"

"Bado, mzee. Sasa inaona koo. Panua."

Nyuma yake kamba ikapita kwenye matete. Watoto wakakokota, kwaruzu. Wakakokota, kwaruzu. Zile mbili zikaenda. Bi Kanga akamwonyesha Sange kwa bawa: na hiyo je? Ivute na hiyo, tuondoke!

Sange angeweza. Aseme tu, "Mzee, fumba na macho," aisukume kwenye matete, basi. Lakini ushindi usio na kicheko yeye hakuuhesabu. Akapanda kichuguu, akapiga kelele:

"Tiii! Mwenyekiti, umesajiliwa! Geuka nyuma uone ulichobaki nacho!"

Kiboko akageuka. Patupu. Kwa hasira akalifumba lile domo juu ya kilichokuwa karibu.

Gwaa!

Kisha akajitupa majini, blubu, kwa aibu. Ndiyo maana mpaka leo mchana hatoki, na akiibuka anapanua mdomo. Bado anangojea iseme.

Huku shuleni ilikuwa sherehe. Sange amebebwa juu juu! Bi Kanga akaziunganisha mbili na sola ya paani, ikazijaza. Wakaanza kusoma na inayong'aa. Kabla uji haujaiva, fyuu, imezimika. Wakachukua ya kijivu. Ikapata moto kama kikaango, vumbi la darasani likaingia kwenye vibonyezo, herufi zikagoma.

Watoto wakamtazama mwalimu. Mwalimu akamtazama Sange. Kisha akatoka, akaenda mtoni, wote nyuma yake.

Nyeusi ilikuwa topeni, kioo kimesagika, imekunjika kama chapati. Na pembeni, kitaa chake kidogo bado kinawaka.

"Sange," Bi Kanga akasema, wala hakupaza sauti. "Kiboko aliziwasha zote pamoja, hakuzizima. Ulipoona yenye uhai ni hii moja tu, hukujiuliza?"

Sange, mwenye maneno yote yale, akaanza kufuta tope kwenye kile kitaa.

Asubuhi Kunguru akaja. "Kaa! Kilichovunjika kimenunuliwa." Akachukua zake mbili, akachukua na pipa la asali. Asali ya watu wote. Kile kitaa kiliwaka siku kadhaa bado. Watoto wakawa wanakwenda kukitazama. Kisha nacho kikazimika.

Sasa fundisho, maana najua hamtaniacha. Kulinganisha ni kazi ya wavivu: chukueni kinachong'aa. Na ukimshinda mwenye nguvu, usiondoke hivi hivi, rudi umcheke vizuri. Mmesikia? Kachagueni basi.

Chungu nimeepua!

— Tumeshiba!

Nani ataosha?

— Aliyekiunguza!

Aliyekiunguza ni Sange. Wazazi walimwita wakamwambia: "Umetunyima mashine. Mashine utakuwa wewe." Ng'ambo ya kilima kuna shule yenye laptopu. Kila siku anakimbia huko, anapenyeza pua kwenye upenyo wa dirisha, anasoma kilichoandikwa, anarudi mbio kuwaambia watoto wa bondeni, anakimbia tena. Kwa kupenyezwa na kuvutwa, pua ikarefuka vile mnavyoiona. Na ili asijikwae, njia yake anaifagia mwenyewe, jani kwa jani. Mkikuta msituni kijia kidogo kimefagiwa safi, mjue ni chake. Akipita msimsalimie. Mtamchelewesha, na binti yake bado anangojea somo la jana.