Mgongo wa Kanzu ya Jundubu

Waliohifadhi habari za waja wema wanatusimulia kwamba katika bonde la Sidri aliishi Sheikh Hilali bin Yasar, Mwenyezi Mungu amrehemu, mtu ambaye hakupata kuinua mkono wake juu ya kiumbe, si mtu wala punda. Na punda wa Sidri, kwa ukaidi wao, walikuwa mtihani kamili. Watu wake aliwalea juu ya agizo moja lililopokewa kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie: aliyeghadhibika akiwa amesimama na aketi, na hasira zisipomtoka na ajilaze.

Watu wa Sidri walilishika agizo hilo kama lilivyo, bila kulipunguza. Mgeni aliyepita sokoni kwao aliwakuta waungwana wazima wamelala chali vumbini, vilemba vifuani, na wapita njia wakiwazunguka kwa adabu.

"Nani huyo?"

"Hudhaifa. Kauziwa ngamia kipofu."

"Pole, Hudhaifa. Lala tu, baba."

Na katika wote hao hakuna aliyeujua udongo wa Sidri kama Jundubu. Kabla ya kutubu alikuwa mpiganaji wa kukodiwa, na kulikuwa na wazee bondeni waliobaki kula uji, bila meno, kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Alipokuja kwa Sheikh akilia, aliambiwa neno moja: "Sikukatazi kukasirika, Jundubu. Lala kwanza." Basi akalala. Alilala sokoni, akalala njiani, akalala hata katikati ya harusi ya shemeji yake, wapiga dufu wakawa hawajui waendelee au wamwombee. Kanzu yake ilikuwa nyeupe mbele, na nyuma ilikuwa rangi ya barabara. Kila jioni mkewe, Rumaisa, aliipokea na kuigeuza.

"Leo nani tena?"

"Muuza mafuta."

"Si yule wa jana?"

"Yule yule. Kaongeza."

Sheikh Hilali alipofikiwa na mauti alimwita Jundubu, akaushika mkono ule wa kulia. "Huu nakuachia amana," akasema. "Nitakapokutana nao Siku ya Kiyama, nataka niukute haujampiga mtu tangu leo." Kisha akatamka shahada na kufariki.

Udongo wa kaburi haujakauka, Amir Shaddadi, mtawala wa bonde la juu, akaziba mfereji uliotoka kwake kuja Sidri. Alikuwa akimstahi Sheikh, lakini hakuona sababu ya kuwastahi watu wanaolala sokoni. Akajenga boma la mawe na udongo, maji yakajaa kwake na kukatika kwao. Visima vya Sidri vikatoa tope. Mitende ikaanza kuinamisha makuti.

Watu wakamiminika kwa Jundubu.

"Sheikh amekufa, na mitende inamfuata," wakasema. "Wewe ndiye unayejua kupigana. Tuongoze."

Jundubu akautazama mkono wake. Ukweli ni kwamba ulikuwa unamwasha. Akaketi. Akalala. Wakamsubiri, maana ndiyo desturi. Alipoinuka akasema, "Nitawaongoza. Acheni fimbo nyumbani."

"Tukafanye nini huko, mikono mitupu?"

"Tutafanya tunalolijua. Tutalala."

Wakapanda, wanaume kwa wanawake, wakiwa na kiu. Wakamkuta Amir amesimama juu ya boma lake, walinzi wenye mikuki kando yake, na nyuma yake ziwa zima la maji. Karibu na maji palikuwa na hema la mama yake, Bibi Khaula, mcha Mungu mkongwe aliyeletwa kutazama kazi ya mwanawe.

"Maji ni yetu sote, ewe Amir," akasema Jundubu. "Ndivyo ulivyopatana na Sheikh wetu."

"Sheikh wenu ni mfu," akasema Amir, akashuka na kumpiga kofi mbele ya watu.

Wenye kujua historia ya mkono ule walifumba macho. Walipoyafumbua, Jundubu alikuwa ameketi chini, ndani ya mfereji mkavu. Amir akamsukuma kwa mguu. Jundubu akajilaza. Nyuma yake watu wa Sidri wakajilaza mmoja baada ya mwingine, mfereji ukajaa watu.

"Simama upigane!" Amir akafoka.

"Siwezi. Nimekasirika."

Walinzi wakaangua kicheko. Mmoja akainama na mkuki wake, akauliza, "Na hizo hasira zitakwisha lini, mzee?"

"Za wenzangu sijui," akajibu Jundubu. "Zangu, sikufichi, ndio kwanza zinaanza."

Hawakujua wawafanyeje. Kumchoma mtu aliyelala kunahitaji moyo mwingine, na walinzi wale hawakuja nao. Jua likazidi kuwachoma waliolala hadi wakati wa alasiri ukaingia. Watu wa Sidri wakainuka kwa ajili ya swala, wakapiga viganja vyao kwenye vumbi la mfereji, wakapaka nyuso na mikono.

Bibi Khaula alikuwa ametoka hemani na birika lake. Akashangaa.

"Enyi watu, mbona mnatayamamu kando ya maji? Tayamamu ni ya asiye na maji."

"Ni kweli, mama," akasema Jundubu kwa upole. "Na ni ya yule ambaye kati yake na maji pana adui."

Bibi Khaula akayatazama maji. Akaitazama mikuki, kisha akamtazama mwanawe, kwa muda mrefu. Akaliweka birika chini bila kulimimina.

"Basi na mimi sina maji," akasema.

"Mama! Hilo ziwa zima ni lako!"

"Ni la hawa. Nisimame mbele ya Mola wangu uso unanidondoka maji ya watu?" Akainama kwa taabu, mkono mmoja kiunoni, akapiga vumbi.

Mlinzi mmoja akaegemeza mkuki wake, akainama naye. Wakafuatia wengine. Amir Shaddadi akabaki na ziwa lake, hana mtu wa kulitumia. Mwishowe naye akapiga vumbi, akaingia safu ya nyuma.

Baada ya salamu, Jundubu alirudi kwenye mfereji ule ule, akalala.

Amir akamwendea. "Tumeswali pamoja. Mbona unalala tena?"

"Shavu bado linawaka, ewe Amir. Nikisimama sasa na kusema nimekusamehe, nitakuwa mwongo, na nimetoka kuswali punde hivi. Niache. Zikiisha nitasimama."

Amir akalitazama shavu lile. Akaketi ukingoni, bila kuamriwa na mtu. Waliposikia tena sauti yake alikuwa anaomba jembe. Akalipasua boma kwa mkono wake mwenyewe.

"Jundubu, ondoka! Maji!"

"Bado kidogo!"

Maji yakamfikia miguu, kiuno, masikio. Ndipo akasikika anacheka, akainuka akichuruzika tope, akampa Amir mkono.

Jioni ile Rumaisa aliigeuza kanzu mbele na nyuma. Tope tupu, pande zote.

"Leo nani tena?"

"Amir Shaddadi."

Rumaisa akaiweka kanzu chini. "Na mkono?"

Jundubu akaunyoosha. Ulikuwa safi.

Ndugu msomaji, watu wa aina hii tunawaita wapole, tukidhani hawana hasira. Jundubu alikuwa nazo za kutosha mji mzima. Tofauti ni kwamba alijua pa kuzilaza. Siku ya kuosha maiti yake walianza upande wa kulia, kama ilivyo sunna, na wakakaa na mkono ule zaidi ya walivyohitaji, kila mmoja akitaka kuushika. Mola atujaalie mikono ya namna hiyo. Na hasira zikitupanda njiani, atujaalie mahali pa kujilaza, pasipo na punda.