Mkono wa Namkunda

Kidonda cha kuonyesha hakiponi. Ndiyo, nimemwambia shangazi yenu hivyo, maana kila mgeni anayeingia hapa, yeye humsimulia ugomvi wake na mumewe mwanzo mpaka mwisho. Msinikodolee macho. Mmeuliza methali hii imetoka wapi, basi mwanzo wake ni huu.

Mdogo wangu Namkunda alikuwa mfinyanzi. Mumewe alishafariki, na watoto wake watatu walikula kwa mauzo ya vyungu vyake. Siku moja tukiwa tunachoma vyungu, kimoja kikubwa, kilichoagizwa na watu kwa harusi, kikaporomoka kutoka kwenye moto. Akakidaka! Mkono wa kulia ukaungua kiganja na vidole vyote.

Tulimmwagia maji baridi mpaka mtungi ukaisha, kisha nikamwita Mzee Senkondo, mfuga nyuki aliyejua kutibu majeraha ya moto. Alichemsha majani machanga ya mgomba, akayaacha yapoe, akayapaka asali safi. Akafunika kila kidole peke yake ili visigandane, juu akafunga kitambaa. Akaniambia, "Asifunguliwe na mtu. Nitakuja mwenyewe siku ya nne."

Nikaitikia vizuri tu. Lakini mnawajua watu wa kwetu kwa kupeana pole. Kesho yake wakaja wanakwaya, wakaja mashemeji na mikungu yao ya ndizi, na kila aliyekaa alisema, "Pole jamani, hebu tuone." Nikafungua, nikafunga. Wakaja wengine, nikafungua tena. Nilijiona mwenyeji mwema, kumbe! Kufika siku ya tatu asali yote ilikuwa imeishia kwenye kitambaa, na vidole nilivifunga pamoja kwa haraka ya kwenda kupika chai.

Mzee Senkondo alipofika, alisikia harufu kabla hajakaa.

"Nani amefungua?"

"Mimi, mzee. Watu wametoka mbali kumjulia hali. Ningewaonyesha nini?"

"Ungewaonyesha uso wake. Uso haujaungua."

Namkunda akainua macho akaniangalia. Mpaka leo naona aibu.

Mzee akaanza dawa upya, na kila siku akawa anakuja kukaa mlangoni mwenyewe. Mgeni akiomba kuona, anamjibu, "Kidonda cha kuonyesha hakiponi. Mpe pole, unywe chai." Mkono ulipona na watoto walikula, ila kidole cha mwisho kilikuwa kimeshagandana na mwenzake. Hakikunyooka tena.

Hebu nileteeni kile chungu cha maharage. Mnauona huu mfereji mdogo shingoni? Vyungu vyote alivyofinyanga baada ya hapo vinao. Kidole hicho ndicho kilichokuwa kikiukwaruza. Wale wageni niliowafungulia, sikumbuki jina la hata mmoja, lakini mfereji huu naugusa kila nikipika.

Haya, mwiteni shangazi yenu aje ale. Akianza kusimulia tena, msinitazame mimi, mpeni chungu hiki akishike. Kidonda cha kuonyesha hakiponi.